Goldfinger na watoto wa umri tofauti: jibu kwa Baba Neema wa Tabata

Baba Neema wa Tabata ameuliza hivi: "Nina watoto watatu, binti wa miaka 13, mvulana wa miaka 10 na kitinda mimba wa miaka 6. Nilipokuwa kijana niliitazama Goldfinger, filamu ya jasusi James Bond, kwa mjomba wangu Magomeni, enzi za mikanda ya video, na naipenda hadi leo. Likizo hii ya Desemba natamani niitazame pamoja na wanangu. Mama yao anasema ni filamu ya uhuni. Kijana wangu naye amesoma mtandaoni kwamba Marekani wameipa daraja la PG, kwa hiyo anadai ni halali yake. Nyumba yetu ina sebule moja na runinga moja, na bibi yao anaishi nasi. Je, niwaonyeshe? Na kama siyo hiyo, niwaonyeshe ipi?"

Ndugu Baba Neema,

Nianze na uamuzi wenyewe, kisha nieleze nilivyoufikia. Neema, kwa miaka yake 13, anaweza kuitazama filamu hii yote, ilimradi awepo mtu mzima wa kuzungumza naye, na huko mbele nitaeleza kwa nini mtu huyo pengine asiwe wewe. Mdogo wake wa miaka 10 anaweza kuitazama pia, kwa masharti mawili nitakayoyataja. Wa miaka 6 asiitazame kabisa, wala asiachwe akipita sebuleni inapoonyeshwa. Mama yao ana haki ya kuwa na wasiwasi, ingawa nadhani anachokihofia yeye, yaani vitanda na mabusu, si kitu kizito kuliko vyote vilivyomo.

Tuimalize kwanza hoja ya kijana wako, maana ni hoja ya mtoto mwerevu na inastahili kujibiwa kwa heshima. Ni kweli kwamba Goldfinger ina daraja la PG la Marekani, linalomtaka mzazi aongoze. Lakini filamu hiyo ilitoka mwaka 1964, na utaratibu wa madaraja wa Marekani ulianza Novemba 1968, kwa hiyo ilipewa alama hiyo baadaye. Kubwa zaidi ni kwamba hadi Julai 1984 hapakuwa na daraja lolote kati ya PG na R, ambayo humtaka mtoto wa chini ya miaka 17 aingie na mtu mzima. Kila filamu iliyokuwa nzito kwa watoto lakini haijafikia uzito wa R ilirundikwa kwenye PG, pamoja na filamu za wanyama na za familia. PG-13, daraja la katikati, ilipoanzishwa mwaka huo, kutokana na malalamiko ya wazazi, filamu nyingi za zamani zilibaki na alama zilizokuwa nazo. Mwambie basi kijana kwamba PG ya filamu ya mwaka 1964 na PG ya filamu ya katuni iliyotoka mwaka jana hazipimwi kwa mizani moja, na kwamba hata alama yenyewe inasema mzazi aongoze, haisemi mzazi akae pembeni.

Hapa kwetu kazi ya kukagua filamu na kuzipanga ni ya Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, lakini filamu iliyoingia nyumbani ndani ya flashi haina mkata tiketi wa kumwangalia mtoto kimo. (Wazee wa Dar es Salaam walioizoea Drive-In ya Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani leo, huenda wanakumbuka utaratibu rahisi kuliko wote: mtoto alisinzia kiti cha nyuma, na suala likaisha lenyewe.) Uamuzi umebaki kwako, na ili uamue vizuri lazima uijue filamu ilivyo, si unavyoikumbuka. Mtu aliyeitazama akiwa kijana hukumbuka gari la Aston Martin lenye kiti kinachomrusha abiria nje, kofia ya chuma inayokata kichwa cha sanamu, na pambano la mwisho ndani ya hazina ya dhahabu ya Fort Knox. Mengine yote huwa yamefutika.

Kwa mtoto wa miaka 6, tatizo ni sura za mambo. Mapema katika filamu, James Bond anapigwa na kuzimia hotelini Miami, na anapozinduka anamkuta Jill, mwanamke aliyekuwa naye, amelala kitandani akiwa maiti, mwili umepakwa rangi ya dhahabu toka utosini hadi nyayoni. Hakuna tone la damu, wala kelele, na ndiyo maana watu wazima wengi huihesabu kuwa picha ya kupendeza. Imepamba mabango ya filamu hiyo kwa miaka yote hii. Mtoto wa umri huo, hata hivyo, huogopa kile anachokiona kabla ya kuelewa maana yake, na mwili unaong'aa usiotikisika ni kitu atakachokwenda nacho kulala. Maelezo hayamsaidii sana, kwa kuwa hofu yake haikuingia kwa njia ya maelezo. Kwa wakubwa wake yafaa ueleze, tena kwa sababu ya pekee: filamu inadai kwamba Jill alikufa kwa kuwa ngozi yake ilizuiwa kupumua, jambo ambalo si kweli. Binadamu hupumua kwa mapafu. Mtu aliyefunikwa rangi mwili mzima anaweza kudhurika kwa joto au kwa sumu ya rangi yenyewe, lakini hafi kwa kukosa hewa kupitia ngozi.

Kuna pia meza ambayo Bond anafungwa juu yake huku mwale wa leza ukikata chuma na kumkaribia katikati ya miguu. Kuna mkutano wa majambazi ambao wote wanauawa kwa gesi ndani ya chumba kilichofungwa, na mmoja aliyejitoa mapema anapigwa risasi na maiti yake kusagwa pamoja na gari hadi kuwa bonge la chuma. Kuna askari wanaoanguka kwa maelfu kana kwamba wamekufa, na inapojulikana baadaye kwamba walikuwa wakijifanya, mtoto mdogo huwa ameshafunga macho, kwa hiyo habari njema haimfikii. Mvulana wa miaka 10 atayafurahia mengi ya haya, na sioni sababu ya kumnyima. Anajua kuwa ni mchezo.

La ajabu kidogo ni bomu. Njama ya Goldfinger, yule adui aliyeipa filamu jina lake, ni kulipua bomu la nyuklia ndani ya Fort Knox ili dhahabu ya Marekani isiguswe kwa miaka mingi na yake ipande bei, na mtu angedhani hilo ndilo litakalowatisha wadogo. Utafiti unaonyesha vinginevyo. Mwaka 1983 runinga ya Marekani ilirusha filamu kuhusu vita vya nyuklia, na Joanne Cantor na wenzake walipochunguza ilivyowaathiri watoto, waliona kwamba wadogo ndio waliosumbuka kidogo kuliko vijana, kwa kuwa hofu yenyewe ilikuwa ya wazo kuliko ya sura. Yule mdogo wa 6 hatalijua bomu hilo ni nini. Neema ndiye anayeweza kukuuliza usiku huo kama kitu kama hicho kipo kweli, na wewe umwambie ukweli kwamba kipo.

Sharti langu la kwanza kwa mvulana linahusu umeme, na nakuomba usilione dogo. Katika dakika za mwanzo kabisa Bond anamtupa adui ndani ya beseni la kuogea lenye maji, kisha anatumbukiza humo kifaa cha umeme kinachowaka, adui anakufa, na Bond anatoka akifanya mzaha. Karibu na mwisho, mlinzi wa Goldfinger anauawa kwa umeme tena, safari hii kwa waya uliogusishwa kwenye vyuma. Nyumba nyingi za Dar es Salaam huchemsha maji ya kuoga kwa hita ya koili inayotumbukizwa ndani ya ndoo, na watoto huiona kila asubuhi. Mtoto anayeona bastola katika filamu hana bastola ya kujaribia, lakini ndoo, maji na koili anavyo. Kabla hujabonyeza kitufe cha kuanza, mwambie kinagaubaga kwamba hicho ndicho kitu pekee ndani ya filamu nzima kinachoweza kumuua kweli akiwa bafuni kwenu, kisha endeleeni kufurahia.

Sasa nifike kwenye kile ambacho kwangu ndicho kiini cha swali lako, na nitakaa hapo kwa muda. Baada ya nusu ya filamu kupita, Bond akiwa mateka kwenye shamba la farasi la Goldfinger huko Kentucky, anaingia bandani pamoja na rubani mwanamke anayemfanyia kazi Goldfinger. Mwanamke huyu amekwisha kumwambia waziwazi kwamba hana habari na maringo yake. (Jina la rubani huyo kwa Kiingereza ni mzaha wa matusi, Neema akilikamata, usijifanye hukusikia.) Wanarushana kwenye nyasi kavu kwa mieleka ya judo, muziki ukichekacheka, kisha Bond anamlalia juu. Mwanamke anausukuma uso wake. Anakaza mikono. Anageuza kichwa. Bond anaendelea, na baada ya sekunde kadhaa mikono ile ile iliyokuwa ikimsukuma inamkumbatia, na picha inahamia kwingine.

Mtoto asiyejua lugha ataona mchezo wa kuangushana ulioisha kwa busu, na hataona nguo ikivuliwa, kwa hiyo mzazi anayehesabu uchi na damu atasema hakuna kitu. Lakini tazama filamu inakielekeza wapi kitendo hicho. Baada ya banda lile, rubani anageuka upande, anaitaarifu serikali ya Marekani, gesi ya sumu inabadilishwa, askari wanapona na njama inavunjika. Kwa maneno mengine, filamu imepanga mambo yake ili kule kumlazimisha mwanamke kuwe ndiko kulikookoa nchi nzima. Hilo ni fundisho, tena limefichwa vizuri, kwa kuwa hakuna anayelitamka. Adui wa filamu akifanya ubaya, mtoto anajua ni ubaya, kwa sababu filamu yenyewe inamwadhibu: Goldfinger anafyonzwa nje ya ndege kupitia dirisha lililovunjika na hakuna anayemlilia. Bond akifanya ubaya, anatunukiwa.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alionyesha uzito wa tofauti hiyo zamani, karibu wakati uleule filamu hii ilipotengenezwa. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akilipiga sanamu la plastiki linaloinuka kila likiangushwa, na watoto wakaiga. Katika jaribio alilolichapisha mwaka 1965, baadhi walimwona mpigaji akizawadiwa na wengine wakamwona akiadhibiwa. Waliomwona akiadhibiwa waliiga kidogo, kama ungetarajia. Lakini walipoahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona, tofauti hiyo ilifutika. Maana yake ni kwamba wote walikuwa wamejifunza, ila wengine walikuwa hawajapata sababu ya kutumia. Jaribio lile lilihusu sanamu na watoto wa chekechea, na singependa kulinyoosha hadi lifike bandani Kentucky kana kwamba ni kitu kimoja. Nalitaja kwa sababu ya swali linalotufundisha kuuliza mbele ya kila filamu: nani anazawadiwa, na kwa kitendo gani?

Wapo wenzangu katika kazi ya ushauri wa malezi ambao wangekwambia ulikimbize tukio la bandani kwa rimoti. Mimi sikubaliani nao kwa watoto wako wawili wakubwa. Mzazi anayeruka kwenye kochi kutafuta rimoti amemwambia mtoto mahali hasa pa kurudia akibaki peke yake na simu. Zaidi ya hapo, Neema yuko katika umri ambao ataambiwa na mvulana fulani, na pengine na shoga yake, kwamba msichana akikataa huwa anamaanisha baadaye. Ni heri aione hoja hiyo kwanza sebuleni kwenu, ikiwa imevaa suti na kuchekesha, akiwa na mtu wa kumsaidia kuivua. Acheni tukio lipite, kisha baada ya filamu, si katikati, aulizwe: yule mama alikataa mara ngapi, na Bond alisikia mara ngapi? Mvulana naye aulizwe swali hilohilo, na hilo ndilo sharti langu la pili kwake, kwa kuwa ni yeye anayefundishwa kuwa Bond. Ongeza kwamba nchini kwetu, chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mwanaume anayekwenda hadi mwisho na mwanamke asiyeridhia amebaka, na kucheka kwake kabla au baada hakubadilishi kitu.

Nani aulize? Hapa ndipo niliposema pengine isiwe wewe. Katika familia nyingi za pwani, na hata za bara zilizohamia Dar es Salaam, baba hazungumzi na binti aliyevunja ungo habari za mwili. Kazi hiyo ni ya shangazi, ya bibi, ya somo. Sioni ubaya wa utaratibu huo, na sioni haja ya kuuvunja kwa ajili ya filamu. Kama wewe na Neema mkikaa kochi moja wakati wa tukio la kitandani mnaona haya wote wawili, haya hiyo itameza mazungumzo yote, na yeye atabaki na picha bila maneno. Mama yake akae naye, au shangazi yake aje jioni hiyo. Na kama mama yao hataki kuiona filamu, mwonyeshe kwanza peke yake hilo banda, umweleze unachotaka binti yenu akijue. Naamini mtakuwa mnabishana jambo tofauti na lile la uhuni. Mvulana ni wa kwako.

Kuna jambo la lugha ambalo wazazi wengi hulisahau. Goldfinger kwa Kiingereza humficha mtoto wa Tabata nusu ya utani wake, kwa sababu utani mwingi mchafu umo kwenye maneno. Lakini ukienda kwenye kibanda cha kuwekea filamu, unaweza kupewa ile iliyotafsiriwa, ambayo msimuliaji anazungumza Kiswahili juu ya sauti ya awali. Wasimuliaji hao ni mafundi wa kweli, na nawaheshimu, lakini hawafungwi na maneno ya filamu. Huongeza, huchombeza, na baadhi yao hutia matusi pale ambapo mwigizaji alinyamaza. Ukiichukua hiyo, nilichokwambia hapa juu kuhusu filamu ya mwaka 1964 hakitoshi, kwa kuwa utakuwa umeleta nyumbani filamu ya watu wawili. Isikilize yote kwanza.

Mengine nitayapitia haraka. Bond anakunywa pombe, na sigara zimo, kama filamu nyingi za wakati ule. Mlinzi wa Goldfinger, Oddjob, ni Mkorea asiyesema neno, anayetii na kuua, na hakuna Mkorea mwingine ndani ya filamu aliyepewa utu. Aliyemwigiza, Harold Sakata, alikuwa mzaliwa wa Hawaii mwenye asili ya Kijapani, tena mshindi wa medali ya fedha ya kunyanyua vitu vizito katika Olimpiki ya London ya 1948. Watoto wetu wanajua jinsi Waafrika walivyochorwa katika filamu za wengine, kwa hiyo hawatahitaji hotuba ndefu. Pia mtahadharishe mvulana kwamba kuna mchezo mrefu wa gofu. Atachoka, na mwache achoke. Atafurahi zaidi akijua kwamba Goldfinger anavusha dhahabu mipakani kwa kuifanya kuwa mabamba ya gari lake la Rolls-Royce, na ukimuuliza kwa nini dhahabu ya Geita ingepanda bei kama dhahabu ya Marekani ingeharibiwa, utakuwa umempa somo la uchumi bila yeye kujua.

Kuhusu sebule moja na bibi: filamu ina urefu wa dakika 110, hivyo ikianza saa tatu usiku itaisha kabla ya saa tano, na kitinda mimba awe amelala chumbani kabla haijaanza, kwa kuwa mauaji ya beseni la maji yanakuja mwanzoni kabisa, hata kabla ya wimbo na majina ya waigizaji. Watoto wa jirani waliozoea kuja kutazama kwenu waambiwe mapema kwamba jioni hiyo hapana, kwani huwezi kumwamulia mwenzako mtoto wake. Bibi mweleze filamu ni ya namna gani, umwachie achague mwenyewe kama atakaa.

Na kama baada ya kuizingatia nyumba yako utaona Goldfinger isubiri mwaka mmoja au miwili, anza na North by Northwest ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1959. Nayo ni ya majasusi: mtu wa kawaida anadhaniwa kuwa jasusi, anakimbizwa nchi nzima, ndege ndogo inamwinda kando ya shamba la mahindi, na mwisho wananing'inia kwenye nyuso za marais zilizochongwa mlimani. Mtu mmoja anachomwa kisu mgongoni ndani ya jengo la Umoja wa Mataifa, kuna tukio la mtu aliyeleweshwa kwa nguvu akiendesha gari, na mazungumzo ya mapenzi ndani ya treni yamefumbwa kiasi kwamba mvulana wa miaka 10 hataambulia kitu. Mwanamke wa filamu hiyo ana akili na siri zake mwenyewe, na Neema atamfuatilia kuliko anavyofuatiliwa mwanaume. Ni ndefu kuliko Goldfinger, dakika 136, kwa hiyo iwekeni mchana wa Jumamosi. Yule wa miaka 6 bado si yake, apelekwe kucheza kwa wenzake.